Kutoka Vizag hadi Sirpur: siku sita ndani ya Chhattisgarh

Siku ya kwanza: Reli ya chuma

Treni ya Kirandul inaondoka Visakhapatnam, mji wa bandari wa India ambao kwa kifupi huitwa Vizag, asubuhi mapema, na ukichelewa kidogo tu kiti cha dirishani kimeshachukuliwa. Mimi nilichelewa. Mpaka Araku nilikuwa naitazama milima kupitia kwapa la kijana aliyesimama mlangoni akijipiga picha. Hapo Araku watalii wakashuka karibu wote na mikoba yao ya chakula, behewa likapumua, nami nikajisogeza dirishani nikanyoosha miguu kama bwana shamba.

Nasoma Vizag, huu mwaka wa pili. Rafiki yangu wa darasani ni mwenyeji wa Raipur, huko Chhattisgarh, na kila nilipomuuliza kwao kuna nini cha kutazama, alinitajia vyakula. Nikimuuliza maporomoko, ananijibu chachandu. Mwisho akanikatia shauri: "Nenda Novemba. Mvua imekwisha, mpunga unaiva, na pango linafunguliwa."

Chhattisgarh ni jimbo changa la India. Lilimegwa kutoka Madhya Pradesh tarehe 1 Novemba 2000, na zaidi ya asilimia 40 ya ardhi yake ni msitu. Kusini ndiko kuliko na Bastar, ambayo ilipokuwa bado wilaya moja, kabla haijakatwakatwa, ilikuwa kubwa kuliko jimbo zima la Kerala. Huko ndiko nilikokuwa naelekea.

Reli yenyewe haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa miaka ya 1960 kuteremsha chuma cha milima ya Bailadila hadi bandarini Vizag, kiende Japani. Kwa mtu aliyekulia Tanzania hadithi hii haina ugeni: badala ya chuma weka shaba, badala ya Vizag weka Dar es Salaam, umepata TAZARA. Siku nzima tulikuwa tunapishana na treni za mizigo, ndefu hazina mwisho, mabehewa yake yakiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye magurudumu. Mahandaki ni zaidi ya 50. Kila tukiingia kwenye moja watoto wanapiga kelele kwa nguvu zao zote, na kila tukitoka wananyamaza na kutazamana kwa aibu, halafu wanasubiri jingine.

Jagdalpur tulifika jioni, giza likianza kuingia. Nyumba ya wageni niliyoiagiza kwa simu ikanikataa. Mgeni kutoka nje ya India lazima mwenye nyumba amwandikishe serikalini kwa fomu maalumu, na yule kijana wa mapokezi hakuijua fomu hiyo wala hakutaka kuijua. Pesa yangu ya awali nayo hakuiona wapi ilipo. Nilibeba begi langu nikazunguka na bajaji mpaka nyumba ya tatu, ambako mama mwenye nyumba alinipiga picha pasi ya kusafiria kurasa zote, hata zile tupu, akaniwekea wali na dengu bila kuniuliza kama nimekula.

Siku ya pili: Ratha iliyoibwa

Dereva wangu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, nami nikamwita chacha, yaani baba mdogo. Yeye akaniita beta, mwanangu, basi tukawa jamaa. Kabla ya kutoka mjini alinipitisha kwenye hekalu la Danteshwari, ubavuni mwa jumba la wafalme wa zamani wa Bastar, akaegesha gari ili anisimulie vizuri. Alikuwa hawezi kusimulia huku anaendesha. Alikuwa anaihitaji mikono.

Sehemu nyingi za India, Dussehra ni sikukuu ya mungu Rama kumshinda Ravana, mfalme wa mapepo, na sanamu la Ravana huchomwa moto. Bastar hawachomi mtu. Dussehra yao ni ya mungu wao wa kike, Danteshwari, na inachukua siku 75. Inaanza mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa gogo la kwanza la kutengenezea ratha kuletwa kutoka msituni. Ratha ni gari kubwa la mbao la kuvutwa kwa kamba, na ile kubwa kabisa ina magurudumu manane. Wanasema desturi hii ilianzishwa na mfalme Purushottam Deo katika karne ya 15, aliporudi kutoka hija ya Puri.

Lakini sherehe haiwezi kuanza bila ruhusa, na ruhusa haitoki kwa mfalme, ambaye siku hizi ni mzao tu wa wale wa zamani, wa kuheshimiwa bila kutawala. Anayeitoa ni binti mdogo wa jamii ya Wamirgan, jamii ya wafumaji walio chini sana katika ngazi za kitabaka. Analazwa juu ya bembea ya miiba, mungu anampanda, naye ndiye anayesema ndiyo au hapana. Kijana mwingine anakaa ndani ya shimo siku tisa akifunga, ili mambo yaende salama. Kisha, siku za mwisho, ratha inaibwa. Chacha alipofika hapa alicheka peke yake kabla hajaisema. Wamaria, kabila la huku msituni, wanakuja usiku, wanaikokota ratha mpaka msitu wa Kumdakot, na asubuhi mfalme hana gari. Inambidi awafuate huko msituni, akae nao, ale nao mchele mpya wa msimu. Wakisharidhika, wanamrudishia.

"Wanaiba kweli au wanaigiza?" nikamuuliza.

"Mfalme anakwenda kweli," akanijibu, akawasha gari.

Njia ya kwenda Chitrakote ni kilomita 38 hivi, mashamba ya mpunga huku na huku, ya njano mpaka unaumwa macho. Katikati tulikuta gulio. Magulio ya Bastar huitwa haat, kila kijiji na siku yake katika wiki, na humo ndimo nilipoelewa kwa nini rafiki yangu alikuwa ananitajia vyakula. Kinamama wamekaa chini, kila mmoja na fungu lake: kwaju, mizizi ya porini, dagaa wa mtoni waliokaushwa, masega ya nta, maua makavu ya mahua yanayofanana na zabibu kavu. Karibu nusu ya vitu vilivyotandikwa pale hakuna aliyevipanda. Majani ya sal, mti mrefu na mnyoofu uliojaa msitu wote huu, yameshonwa kwa vijiti vya mwanzi yakawa sahani na vikombe. Ukimaliza kula unaitupa sahani, ng'ombe anaila.

Maua ya mahua huanguka yenyewe alfajiri, Machi na Aprili, na kinamama huenda na vikapu kuyaokota kabla jua halijapanda. Mengine huliwa, mengi hupikwa pombe. Bibi aliyekuwa anauza alinitia mawili kiganjani. Yana utamu wa asali iliyokaa muda mrefu, na harufu ambayo haikutoki puani. Nilinunua kilo moja kwa rupia 80, nikaiweka begini.

Halafu nikaona majimoto. Ndugu wa karibu wa wale wekundu wanaojenga viota vya majani kwenye mikorosho na mikungu kwetu Tanga, wanaokumwagia moto mwilini ukipanda mti wao bila adabu. Hapa walikuwa wamefungwa ndani ya jani, wafu pamoja na mayai yao meupe, wanauzwa kwa fungu. Mama mmoja alikuwa anawasaga juu ya jiwe na pilipili, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi. Hiyo ndiyo chapra. Chacha alinitazama kwa jicho la mtihani. Nikachovya kidole.

Ni uchachu, kwanza kabisa. Uchachu wa ndimu, lakini mkali zaidi na wenye kupanda kichwani, halafu pilipili inafuata taratibu. Huwezi kujua unakula mdudu mpaka mguu mmoja ukukwame kwenye jino. Nilimaliza jani zima na wali. Utotoni nimeumwa na hawa wadudu mara nyingi kiasi kwamba sikuona haja ya kuwaonea huruma.

Kando ya gulio palikuwa na duara la wanaume: majogoo, kila mmoja kafungwa kijembe mguuni. Sikukaa.

Chitrakote yenyewe unaisikia kabla hujaiona. Mto Indravati unakuja umetulia, mpana, kama hauna habari, halafu ardhi inaisha na mto mzima unaanguka meta 29 kwenye ukingo uliopinda kama kwato ya farasi. Wakati wa mvua maji hutanda kiasi cha meta 300 kutoka upande hadi upande, na ni ya rangi ya udongo. Novemba yalikuwa yameshaanza kuwa meupe, yamegawanyika katika mikondo kadhaa, na wenye mitumbwi walikuwa wanapeleka watu hadi karibu na chini ya maporomoko. Nilipanda. Mpiga kasia alitupeleka mpaka pale ambapo huoni tena, unapumua maji tu, kisha akaacha kupiga kasia kwa muda mfupi, kwa makusudi, ili tupige kelele. Tukapiga.

Mabango yanaiita Niagara ya India. Sijui kwa nini kitu kizuri lazima kiazime jina la mwenzake. Jioni vijana walikuwa wamekaa ukingoni, miguu inaning'inia hewani, wanakula njugu.

Siku ya tatu: Chini ya ardhi

Hifadhi ya Taifa ya Kanger ilitangazwa 1982 na ina kilomita za mraba 200. Getini unaliacha gari lako, unakodi jipu la hapo na kiongozi kutoka vijiji vya jirani. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwembamba mwenye kurunzi kubwa, na njiani alisimamisha jipu mara mbili, si kwa mnyama, kwa ndege. Maina wa milimani ndiye ndege wa jimbo: mweusi wa kung'aa, mdomo wa rangi ya chungwa, na kipande cha ngozi ya njano nyuma ya jicho kama kaweka hina. Anajua kuiga sauti ya mtu, na ndiyo iliyomponza, maana watu walimkamata sana wakamtia vizimbani. Sasa vijana wa vijiji ndio wanaolinda viota vyake, wanaitwa rafiki wa maina. Nikamwambia kiongozi kwamba mwishoni mwa karne ya 19 kunguru wa India waliletwa Zanzibar, wakazaliana, na mpaka leo wanatuibia samaki pwani nzima. Alifikiri kidogo, akasema, "Mlichukua ndege asiye sahihi."

Pango la Kutumsar hufungwa wakati wa mvua kwa sababu maji huingia ndani. Mdomo wake ni ufa mwembamba. Unajipenyeza ubavu ubavu, unashuka ngazi za chuma, na hewa inabadilika, inakuwa nzito na vuguvugu. Mimi nimekulia karibu na mapango ya Amboni, nikadhani nakwenda kuona ndugu yake. Mawe ni ya chokaa yote mawili, ni kweli. Lakini Amboni popo ndio wenye nyumba, na sehemu nyingi mwanga unapenya. Kutumsar ni giza la kweli, lile ambalo ukiweka mkono mbele ya uso huoni kitu. Chokaa imechuruzika kwa maelfu ya miaka ikaganda: mingine inaning'inia kama mapazia yaliyoloa, mingine inaota kutoka chini. Mwishoni kabisa kuna jiwe moja lililosimama ambalo watu wanaliheshimu kama mungu Shiva, na mbele yake kuna majivu ya ubani.

Kabla ya kufika hapo, kiongozi alitusimamisha kwenye kidimbwi cha ukubwa wa beseni. Akaelekeza kurunzi pembeni, si moja kwa moja. Nikachutama. Mwanzo niliona maji tu. Halafu kitu cha urefu wa kidole kikajongea, cheupe kama mtu aliyeugua sana, kikagusa jiwe kwa mdomo, kikageuka. Samaki wa humu hawana haja ya macho, na vizazi kwa vizazi macho yamewafifia. Kurunzi ilikuwa inamulika, nasi watu sita tumemwinamia, naye hakuwa na habari nasi hata kidogo.

Maporomoko ya Tirathgarh yako humo humo hifadhini. Ni marefu kuliko Chitrakote, meta 91 hivi, yanashuka kwa madaraja juu ya mawe meusi. Ngazi ni nyingi na tumbili mmoja alinipora mahindi.

Siku ya nne: Kikoi mlangoni

Barabara ya Dantewada ina vizuizi vya askari. Kwa miongo kadhaa misitu hii imekuwa uwanja wa vita kati ya serikali na wapiganaji wa Kimao, wafuasi wa mafundisho ya Mao wa China, wanaoitwa Wanaxali kwa jina la kijiji cha Naxalbari kule Bengal Magharibi, walikoanzia 1967. Watu waliokufa ni maelfu, wengi wao wanakijiji waliobanwa katikati. Chacha, ambaye hakunyamaza tangu juzi, alinyamaza. Nilimuuliza mara moja tu. "Tumelala vibaya miaka mingi," akasema, akanionyesha mawe yaliyosimamishwa kando ya njia.

Hayo ni mawe ya wafu. Wamaria humsimikia marehemu jiwe au nguzo ya mbao, na juu yake huchonga au kuchora alivyoishi: huyu na jogoo wake, huyu na ng'ombe, huyu anacheza ngoma na pembe za nyati kichwani. Kwenye nguzo moja mpya niliona pikipiki imechorwa kwa rangi ya buluu, na namba zake kamili.

Hekalu la Danteshwari la Dantewada liko panapokutana mito Shankini na Dankini. Wahindu wanaamini kwamba mwili wa Sati, mke wa Shiva, ulipoanguka vipande vipande duniani, hapa lilidondoka jino lake. Danta ni jino, na jina likatoka hapo. Mwanamume haruhusiwi kuingia ndani na suruali. Kwa wasiojua kuna vitambaa vyeupe vya kuazima mlangoni, vimepangwa kama taulo za hoteli. Mimi nikafungua begi, nikatoa kikoi changu, nikajifunga pale pale. Mlinzi alikishika ukingo, akauliza kimefumwa wapi. Nikamwambia pwani, Afrika Mashariki. Akaniita nyuma, nikadhani kuna tatizo. Alikuwa anataka kuona ninavyokunja kiunoni kisidondoke.

Ndani ni giza na mafuta ya taa za udongo. Nje kuna nguzo ya jiwe: unaipa mgongo, unaizungusha mikono nyuma, na vidole vikikutana unapata ulichoomba. Vyangu vilikutana. Chacha alidai ni urefu wa mikono tu.

Tulirudi kupitia Barsur, kuona sanamu mbili za jiwe za Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, zilizokaa bega kwa bega na hekalu la nguzo 32. Mvua isiyotarajiwa ilitukuta huko, tukakaa ndani ya hekalu na mbuzi.

Siku ya tano: Nta

Kondagaon iko kwenye barabara kuu ya kwenda Raipur, na ndiko kwenye mafundi wa dhokra, Waghadwa, wanaoyeyusha shaba ya njano kwa njia ya nta. Njia yenyewe ni kongwe: sanamu mashuhuri ya binti mcheza ngoma iliyofukuliwa Mohenjo-daro, mji wa kale ulioko Pakistan ya leo, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, ilitengenezwa hivyo hivyo.

Nilikaa uani kwa fundi mmoja tangu asubuhi hadi mchana. Kwanza kuna umbo la udongo uliochanganywa na pumba za mpunga, limekaushwa, limesuguliwa kwa majani mabichi ya maharage mpaka likawa laini. Mkewe ndiye aliyeshika nta. Ilikuwa imechanganywa na ulimbo wa miti ya sal na kuchujwa kwa kitambaa, naye anaisukuma ndani ya kibomba cha mbao, inatoka upande wa pili kama tambi nyembamba ya kahawia. Tambi hiyo anaizungusha juu ya udongo, mstari ubavuni mwa mstari, bila nafasi na bila kupandana. Alikuwa anamvisha tembo. Mguu mmoja ulimchukua muda wa mimi kunywa chai mbili. Kila baada ya kitambo anapuliza vidole vyake vipoe, kwa sababu joto la kidole tu linaweza kuharibu mstari.

Nta ikishamaliza kufunika, juu yake hupakwa udongo mwembamba, kisha udongo wa kichuguu, ule ambao mchwa wameshausaga, maana haupasuki motoni. Hapo kalibu iko tayari. Inatiwa motoni, nta inatoka, na pale ilipokuwa nta panabaki uwazi wa umbo lile lile. Shaba iliyoyeyuka humiminwa ndani ya uwazi huo. Ikipoa, unapasua. Huwezi kuitumia kalibu mara mbili, kwa hiyo kila tembo ni wa peke yake.

Fundi alipasua moja mbele yangu kwa nyundo ndogo. Udongo mweusi ukadondoka, na chini yake ile mistari ya mkewe, yote, mpaka pale alipokosea kidogo kwenye sikio, imekuwa shaba. Nilimnunua huyo mwenye kosa.

Baadaye basi, mizunguko 12 ya mlima Keshkal, mtu mmoja akitapika dirishani, na Raipur usiku wa manane.

Siku ya sita: Hekalu la mjane

Mama wa rafiki yangu alinilisha asubuhi bore basi: wali wa jana uliolowekwa maji usiku kucha, na kitunguu kibichi, pilipili na chumvi. Kiporo, kwa lugha nyingine, isipokuwa hapa kinaheshimiwa, na ukimaliza wali unakunywa maji yake. Nikamwambia, mama, hiki kwetu tunakula tukiwa tumefulia. Rafiki yangu alipomtafsiria, akaniongeza.

Sirpur iko kilomita 80 na ushei kutoka Raipur, ukingoni mwa mto Mahanadi. Ilikuwa mji mkuu wa ufalme wa kale wa Kosala Kusini, na mtawa wa Kichina Xuanzang anaaminika kupita hapa katika karne ya 7, wakati Wabudha na waabudu Shiva na Vishnu walijenga jirani kwa jirani. Makao ya watawa bado unayaona, vyumba vidogo kuzunguka ua, na mifereji ya maji. Ila kilichonishika ni hekalu la Lakshmana, la karne hiyo hiyo, lililojengwa na malkia Vasata kumkumbuka mumewe Harshagupta. Limejengwa kwa matofali. Mlango ni wa jiwe lenye nakshi, lakini mnara wote ni tofali la kuchoma, na mafundi wamelichonga kama mbao: kuna madirisha ya uongo yenye vimiamba vyake, hayafunguki, hayajawahi kufunguka, na kingo zake bado ni kali baada ya zaidi ya miaka 1,300. Nilipitisha ukucha kati ya tofali na tofali, haukuingia. Ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wanavuna mpunga.

Usiku nikapanda treni ya kurudi Vizag. Nilipofungua begi kutafuta shati, harufu ya mahua ikajaa behewa zima. Mama mmoja aliyelala kitanda cha chini akafumbua macho, akainuka kwa kiwiko, akauliza nimeyanunua gulio gani na kwa kiasi gani. Nikamwambia, rupia 80 kwa kilo. Akamwamsha mumewe amwambie. Wakacheka wote wawili, kisha yule mama akanyoosha mkono nimpe mawili aonje, kama angalau ni mazuri.